Coupé ya Tabora isiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie gari moja lililopo hapa Tabora, ambalo siku hizi halikosi kutajwa vijiweni, kuanzia Isevya hadi kwenye mabenchi ya stesheni. Ni Peugeot 504 Coupé, gari la michezo la Kifaransa lenye milango miwili, ambalo limekaa miaka mingi bila kuwashwa kwenye kiwanja cha familia moja. Mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Wanawe wanataka kuliuza, na hiyo ni haki yao. Linalonitia uchungu ni jinsi bei yake inavyotafutwa.

Dalali wa kwanza aliinua boneti, akaunga betri ya lori, akajaribu kuzungusha injini kwa stata. Ikagoma. Akasema hiki ni chuma chakavu, kipimwe kwa kilo. Wa pili alitoka Mwanza. Yeye akasema hili ndilo gari lililoshinda Safari Rally, lina silinda sita, akataja mamilioni yaliyowanyima warithi usingizi. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mmoja amelishusha hadi jalalani, mwingine amelipandisha juu ya uwezo wa mnunuzi yeyote, na wote wawili walitazama kitu kimoja tu, injini. Hakuna aliyelala chali chini ya gari.

Mimi ni fundi wa bodi. Kunyoosha bati nilifundishwa katika karakana ya reli, na baada ya kustaafu nimeendelea na kazi hiyo uani kwangu. Familia iliniita nilikague gari lao, nikalikagua mchana kutwa kwa jeki, tochi, bisibisi na futi. Ninachotaka wasomaji wako wakijue, hasa wale wenye magari ya aina hii yaliyosahaulika nyuma ya nyumba, ni kwamba thamani ya gari kama hili imo kwenye bodi. Injini yake tunaimudu hapa hapa nyumbani. Bodi yake hakuna duka la kuinunua.

Nieleze kwa nini. 504 tunayoijua sisi, ile ya milango minne, ilitoka mwaka 1968, na kwa mwaka 1969 ikatwaa taji la Gari la Mwaka barani Ulaya. Pikapu yake na ile ndefu ya kubebea abiria zimefanya kazi Afrika nzima. Kule Kaduna, Nigeria, 504 ziliendelea kuunganishwa hadi miaka ya 2000. Ukizihesabu zote, zilitoka zaidi ya milioni tatu. Coupé ni habari nyingine kabisa. Ilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1969, na bodi yake ilitengenezwa na Pininfarina, kampuni ya kuchora na kuunda bodi za magari huko Turin, Italia. Hadi ilipoachwa mwaka 1983 zilikuwa zimetoka takriban 23,000 tu. Kwa chini ni ndugu wa 504 nyingine, maana injini, gia boksi, difu na breki ni za ukoo ule ule. Kwa juu hawafanani. Milango, madigadi, boneti, buti, kioo cha mbele, taa za nyuma, vyote ni vyake peke yake. Hata urefu kutoka tairi la mbele hadi la nyuma umepunguzwa, ni mita 2.55 badala ya mita 2.74 za gari la milango minne.

Kwa hiyo mtu akiniambia vipuri vya 504 bado vipo, namwuliza, vya chini au vya juu? Vya chini vipo. Vya juu ni vile tu vilivyobaki kwenye gari lenyewe.

Niliagiza kwanza matairi yajazwe upepo ili gari lisimame sawa, kisha nikapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikalingana. Nikapima mshazari chini ya sakafu, kona hadi kona, navyo vikalingana. Hapo nikashusha pumzi. Gari lililopinda uti wa mgongo linahitaji mashine ya kulivuta ambayo hapa mjini hatuna, na kama vipimo vingepishana ningewaambia warithi ukweli huo hata kama ungewaumiza.

Baada ya hapo nilichukua sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, nikaifunga kitambaa isikwaruze rangi, nikaitembeza bodi nzima polepole, maana sumaku hushika bati lakini haishiki puti, ile dawa ya kuzibia mabonde ya bodi. Paa, sumaku inashika. Milango yote miwili, inashika. Madigadi ya nyuma, inashika hadi kwenye ukingo wa matairi, mahali ambapo magari ya pwani huwa yamekwisha liwa zamani. Kwenye madigadi ya mbele kushoto, karibu na taa, sumaku ikaanguka chini. Pale pana puti yenye unene wa kidole. Zamani gari liligongwa, na fundi aliyelipokea hakulivuta bati, alijaza puti juu ya makunyanzi na kupaka rangi, kama mtu anayeziba jino bovu kwa dhahabu. Nilikwangua sehemu ndogo kwa ruhusa ya familia. Bati lipo chini yake, limekunjamana lakini halijatoboka. Hilo linanyooka kwa nyundo mbele na chuma cha kukingia nyuma, kwa moto mdogo na subira. Lisikatwe. Nasisitiza, lisikatwe, maana hakuna lingine la kuweka mahali pake.

Sasa niseme juu ya kutu, maana hapa ndipo hesabu yote ilipo. Tabora ipo juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba karibu hatuoni mvua. Hewa yetu haina chumvi. Gari lililokaa Tabora miaka thelathini linaweza kuwa zima kuliko lililokaa Dar es Salaam miaka kumi likipulizwa na upepo wa baharini. Hii ni mali ambayo madalali hawaioni. Lakini gari hili limekaa chini ya mwembe, na miembe yetu inajulikana. Majani yameanguka msimu baada ya msimu, yakaingia kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yakaoza na kuziba matundu ya kutolea maji. Maji yalikaa humo kila masika. Nilipoyazoa majani kwa mkono nikakuta kona ya kulia imetoboka, kidole kinapita. Maji hayo yalishuka hadi sakafu ya upande huo, chini ya zulia, napo pamelika kiasi cha sahani ya chai.

Chini ya milango kuna bati lililofungwa mithili ya boksi, linalokwenda kutoka gurudumu hadi gurudumu. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama lori, kwa hiyo maboksi hayo mawili ndiyo yanayobeba uzito. La kushoto nililigonga kwa mpini wa bisibisi kutoka mwanzo hadi mwisho na likalia sauti ile ile safi. La kulia lililia vizuri hadi karibu na gurudumu la nyuma, kisha sauti ikazama. Nilipochokoa tundu la kutolea maji, ukatoka udongo mwekundu. Mchwa. Walipanda kutoka ardhini, wakajaza udongo ndani ya boksi, na udongo ule ukashika unyevu dhidi ya bati mwaka hadi mwaka. Wenye magari yaliyolala, sikilizeni hili: mchwa hali chuma, lakini anakileta kinachokila. Gari likilala liinuliwe juu ya mawe au vipande vya reli, na chini yake pafagiliwe.

Sehemu hiyo iliyoharibika kwenye boksi la kulia ni ya urefu wa mkono. Bati lake ni bapa lenye mikunjo miwili; linakunjwa kwa mashine ya kawaida na kuchomewa. Ila kabla ya kukata, gari lazima liegemezwe sawasawa chini na mlango uwe umefungwa, nafasi kati ya mlango na nguzo ikipimwa kabla na baada. Fundi akikata boksi hilo gari likiwa limening'inia kwenye jeki moja, mlango hautafunga tena maisha yake yote, na hapo atakuwa ameliua gari huku akidhani anaponya.

Nyuma nilikotarajia kukuta ubaya, nikakuta heri. Coupé hii haina ekseli ngumu ya nyuma kama pikapu ya 504. Kila gurudumu lina mkono wake na springi yake, na yote hushikwa na boriti ya chuma chini ya sakafu. Boriti hiyo ikioza, kazi ni ngumu na ghali. Sili ya difu ya gari hili ilikuwa inavuja kwa miaka, na oili ile ikasambaa juu ya boriti yote ikachanganyika na vumbi. Nilipokwangua tabaka lile la matope meusi, chuma chini yake kinang'aa. Kule mbele, mahali shokapu zinaposhika bodi, nilitafuta nyufa kwa tochi na kioo kidogo cha kunyolea, maana barabara zetu za makorongo hupasua pale. Hakuna ufa.

Hiyo ndiyo bodi. Kona moja ya mfereji, kipande cha sakafu, urefu wa mkono kwenye boksi la kulia, na madigadi moja ya kunyoosha. Kwa gari lenye zaidi ya miaka hamsini, Ndugu Mhariri, huo ni uzima.

Nakuja kwenye injini, ambayo ndiyo imewapofusha watu. Si silinda sita. Ni ya silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,971, imelazwa upande kama ilivyo desturi ya Peugeot hizi. Hata bila kuinua boneti ungejua gari hili ni la miaka ya mwanzo: lina taa nne za mbele na taa tatu za mshazari kila upande wa nyuma. Sura hiyo ilibadilishwa mwaka 1974, na ni mwaka huo huo ndipo Coupé ilipopewa ile injini ya silinda sita yenye ujazo wa 2,664, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa Peugeot, Renault na Volvo. Kwa hiyo dalali aliyesema hili lina silinda sita hakusoma hata uso wake.

Naelewa sifa ya Safari inavyowavuta watu. Sisi wa umri wangu tulikua tukisikia habari za Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliyeshinda Safari akiwa na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa 504 ya milango minne. Na mwaka 1978 ndipo Jean-Pierre Nicolas aliposhinda kwa Coupé ya silinda sita, na mwaka huo huo akashinda mashindano ya Bandama kule Ivory Coast kwa gari la aina ile ile. Heshima hiyo ni ya kweli, na ukoo wa gari hili umeistahili. Lakini mimi, kama ningechagua gari la kufufua hapa Tabora, ningechagua hili la silinda nne bila kusita. Ile ya sita ina bloku ya aluminiamu, na silinda zake zimepangwa safu mbili mfano wa herufi V; katikati ya V hiyo kuna mashimo yanayokusanya maji na uchafu. Gari likilala miaka mingi, bloku huliwa kutoka juu. Matundu ya oili ya kamshafti zake huziba oili isipobadilishwa kwa wakati, na kamshafti hulika. Vipuri vyake ungevitafuta kwenye Volvo na Renault za zamani, ambazo hapa kwetu hazipo. Silinda nne ina bloku ya chuma, na slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, huchomolewa na kubadilishwa. Slivu na pistoni za milimita 88 ni zile zile za 504 ya kawaida ya ujazo huo, na 505 nyingi zilitumia injini hiyo pia. Mafundi walioifungua na kuifunga bado wapo, na vijana waliofundishwa nao wapo.

Kwamba imekwama si hukumu ya kifo. Injini iliyolala kwenye unyevu, pete za pistoni hushikana na slivu kwa kutu nyepesi. Unachomoa plagi zote nne, unamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye kila silinda, unaiacha wiki kadhaa ukiongeza, kisha unajaribu kwa spana ndefu kwenye nati ya mbele ya krenki, kwa mkono, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikikataa, unafungua silinda hedi, unaweka slivu mpya, basi. Kisichofaa ni alichofanya dalali kwa betri ya lori, na kibaya zaidi ni kulivuta gari kwa trekta likiwa kwenye gia. Nguvu ya namna hiyo huvunja pete na kupinda mikono ya pistoni, na injini iliyokuwa ya kusafishwa inageuka ya kununuliwa.

Kuna jambo moja la injini ambalo lina uzito katika bei. Coupé za miaka ile hazikutoka kiwandani na kabureta. Zilikuwa na pampu ya Kugelfischer inayosukuma petroli kwenye kila silinda kwa kipimo, ikiendeshwa na mkanda wa meno. Kwenye gari hili imefungwa kabureta ya 504 ya kawaida. Nilipoona puli ya mkanda wa meno bado ipo mbele ya injini na bomba la kurudisha petroli kwenye tanki limefungwa kwa skrubu, nilijua pampu ilitolewa. Mtoto wa pili wa marehemu akakumbuka kwamba baba yao hakuwa mtu wa kutupa kitu. Tukaingia stoo, na chini ya magunia ya karanga tukaikuta pampu ndani ya ndoo, imezungushiwa mpira wa baiskeli, na mabomba yake manne yamefungwa pamoja kwa waya. Nawapongeza kwa hilo. Nimewasihi wasiruhusu mtu yeyote aifungue. Ndani yake kuna vipistoni vidogo vilivyochongwa kwa uangalifu mkubwa, na fundi wa pampu za dizeli, hata awe hodari namna gani, hana vipimo vyake. Ulaya wapo watu ambao kazi yao ni pampu hizi tu. Gari litembee kwa kabureta kwanza, na pampu iende na gari kwa mnunuzi, ikiwa nzima kama ilivyo.

Feni nayo ina historia. Feni ya kiwandani hushikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto, na kuachia yakipoa, ili isile nguvu ya injini bure. Hii imefungwa bolti tatu izunguke muda wote, jambo ambalo mafundi wetu wengi walifanya umeme wake uliposumbua. Inarudishwa bila taabu.

Vijana wengi wameniambia, mzee, acha hayo yote, weka injini ya Toyota, gari litembee kesho. Wanangu, sikilizeni. Kwenye 504 hii gia boksi na difu vimeunganishwa na bomba nene la chuma ambalo shafti inapita ndani yake. Vyote vitatu ni kitu kimoja kuanzia nyuma ya injini hadi magurudumu ya nyuma. Ukitoa injini na gia boksi, bomba hilo halina pa kushika. Utalikata. Utakata na njia ya sakafu ili gia boksi ngeni ipite, utachomea vishikio vipya, na nyuma utaunda shafti ya kubahatisha. Ukimaliza utakuwa umeharibu bati lile lile ambalo ndilo mali, ili kuokoa injini ambayo ilikuwa inatengenezeka.

Ndani ya gari sitakaa sana. Panya wamekula viti, dashibodi imepasuka kwa jua, waya zinahitaji kubadilishwa zote, na nyuki walikuwa wamejenga nyuma ya kiti cha abiria hadi familia ikamwita mrinaji awahamishe usiku. Mafundi viti hodari tunao. Kioo cha mbele ni kizima, kina alama ya jiwe upande wa abiria tu, na mnunuzi mwerevu atakiulizia kabla ya kuuliza habari ya injini. Bampa za chuma zipo zote mbili. Vishikio vya milango, mapambo ya pembeni, hata nembo, vimewekwa kwenye sanduku la bati chumbani kwa mama.

Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo nililitafuta na daftari. Kadi ya gari ipo, ni ya mfumo wa namba wa zamani, kabla ya huu wa T, tarakimu tatu na herufi tatu. Namba iliyo kwenye kibati chini ya boneti inafanana na ya kwenye kadi. Nimewashauri warithi wamalize kwanza mirathi mahakamani, kisha wapeleke kadi TRA waulize utaratibu wa kuhamisha umiliki, ndipo wapokee fedha ya mtu. Gari zuri lenye karatasi mbovu humtesa muuzaji na mnunuzi.

Bei niliyowapendekezea sitaiandika gazetini, hiyo ni ya familia na mnunuzi wao. Naweza kusema jinsi nilivyoipata. Nilianza na vitu visivyopatikana, yaani bodi isiyopinda, kioo, bampa, mapambo, pampu ya asili. Nikatoa gharama ya bati la kuchomea na ya madigadi, kwa bei ya fundi anayelipwa kwa siku na asiyeharakishwa, kwa sababu kazi hii ikifanywa kwa mkataba wa haraka itaishia kwenye puti. Injini niliiweka mwisho, kama injini mbovu ya 504 ya kawaida, si zaidi wala si pungufu. Jumla iliyopatikana ni mbali sana na bei ya kilo, na ni mbali vilevile na ndoto za yule bwana wa Mwanza.

Kwa mtu anayefikiria kulinunua, naomba aje akiwa na banda lenye paa tayari. Asianze na rangi. Akianza na rangi atailipa mara mbili. Aanze na mfereji wa kioo na boksi la kulia, halafu breki, ambazo ni za diski magurudumu yote manne na mpira wake wote umekufa, halafu injini, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Na asilibomoe lote kwa siku moja. Magari mengi ya kale hufa yakiwa ndani ya maboksi, kila kipande kikiwa kizima.

Ninalo ombi pia kwa chuo cha VETA hapa Tabora. Kunyoosha bati kwa mkono ni kazi inayokwisha. Vijana wanajifunza kutoa kipande na kufunga kipya. Familia imekubali kwamba hata kabla gari halijauzwa, mwalimu yeyote anaweza kuwaleta wanafunzi walione, waligonge wasikie sauti ya bati zima na ya bati lililojaa udongo, waone kona ya Pininfarina iliyokunjwa kwa ustadi na puti ya mtu mvivu vikiwa kwenye madigadi moja. Mimi nipo, nitawaeleza bila malipo.

Limebaki jambo moja ambalo huenda msomaji wako mmoja anaweza kulitatua. Kati ya taa tatu za nyuma upande wa kulia, kifuniko cha moja, ile ya rangi ya chungwa, hakipo. Kinakaa mshazari, si wima, na cha gari la milango minne hakiingii, kwa hiyo tafadhali asije mtu akasafiri bure kutoka mbali na kile. Aliyenacho, awe Kigoma, Mwanza, Dodoma au popote, hata kama kimepasuka, aandike kupitia gazeti hili. Kilichopasuka nacho kinatufaa; tutakitumia kufinyanga kalibu.

Fundi bodi mstaafu wa reli,
Isevya, Tabora